Siku Sita za Maharage

Dorothée Umugwaneza alikuwa mtu wa barua. Kwa miaka kumi na moja ameongoza shule yetu ya msingi, juu ya mlima unaotazama Bihambwe, na miaka hiyo yote kazi yake aliielewa hivi: barua inatoka ofisi ya elimu, inapanda mlima na mtu wa pikipiki, yeye anaisoma mara mbili, anafanya kilichoandikwa, kisha anajibu kwamba kimefanyika. Barua ikisema vyoo vifagiliwe kabla ya kengele, vinafagiliwa kabla ya kengele. Barua ikisema darasa la sita lifanye majaribio Jumatano, hata mvua ya mawe ikianguka Jumatano, majaribio yanafanyika. Sisi wazazi tulimwita Mama Directrice, na tulimheshimu kwa sababu neno alilosema asubuhi, jioni lilikuwa bado ni lile lile.

Hakutoka mbali. Baba yake alilima maharage na mihogo upande wa chini wa mlima huu huu, karibu na kijito. Alianza kufundisha akiwa na miaka ishirini na miwili, darasa la kwanza, watoto sabini na mmoja kwenye mabenchi kumi na mawili. Tulipokimbia vita, yeye alibeba daftari la majina ya wanafunzi kichwani, limefungwa ndani ya kitenge pamoja na unga. Tuliporudi, alisimama mbele ya darasa lisilo na milango akaita majina yote kwa kufuata mstari, hata ya wale ambao kila mtu alijua hawatajibu. Alipomaliza alifunga daftari, akaanza somo la hesabu.

Barua ya mwezi wa kenda mwaka jana ilikuwa ya namna nyingine. Ilisema kwamba katika kila nusu ya mwaka wa shule, kila shule itapanga yenyewe siku sita za mapumziko, pamoja na komite ya wazazi, kulingana na maisha ya mahali pake. Sharti lilikuwa moja. Siku nyingine zote za masomo, watoto wanane katika kila kumi wawe darasani. Shule ikishindwa, itarudi kwenye kalenda ya ofisi.

Aliisoma mara tatu. Halafu akamwita Marcellin, mwalimu wa darasa la sita.

“Mwalimu Marcellin, hii barua inaomba tufanye nini?”

“Haiombe kitu, Mama. Inasema tuamue siye benyewe.”

“Hiyo nimeona. Lakini tuamue nini?”

“Njo ile sasa tutaamua.”

Marcellin alicheka. Dorothée hakucheka. Aligeuza karatasi, akatazama nyuma yake kama kuna maandishi mengine.

Lakini alijua vizuri kwa nini siku zile zilikuwa na thamani. Maharage yetu yanavunwa mara mbili, mwezi wa kwanza na mwezi wa sita, na kila mwaka yale ya mwezi wa sita yanakauka wakati ule ule darasa la sita linapojitayarisha kwa mtihani wa taifa. Mtoto wa miaka kumi na miwili ana mgongo wa kubeba, na hakuna mzazi anayemwacha mtu wa kubeba akae darasani wakati maganda yanapasuka shambani. Mwaka uliopita, kati ya watoto thelathini na mmoja, kumi na wawili hawakuonekana juma mbili za mwisho. Kenda kati ya hao walianguka mtihani. Dorothée hakulaumu wazazi kwa sauti. Alisema tu kwamba siku sita zikiwekwa mahali pake, watoto watavuna na kurudi, na wote watakaa mbele ya mtihani wakiwa wamesoma. Hilo ndilo alilolitaka.

Katika mwezi wa kumi na moja alikusanya wazazi ndani ya darasa la tano. Mkutano uliongozwa na Papa Kanyamibwa, prezida wa komite, mtu mrefu wa upande wa juu, mwenye sauti inayofika mlima wa pili. Dorothée aliuliza swali moja kwa kila mzazi: maharage yako yatakauka lini?

Mtu asiyetoka kwetu angeona ni swali rahisi. Kwetu, mtu hatangazi mavuno yakiwa bado shambani. Ukisema maharage yako yamekubali, mvua ya mawe inasikia, jirani mwenye sufuria tupu anasikia, na shemeji aliyeko Ngungu anasikia naye anaanza safari. Kwa hiyo kila mzazi aliinamisha kichwa kidogo na kujibu kwa adabu.

“Yangu? Aah, mwaka huu haiko kitu. Pengine mwisho wa mwezi wa kwanza, Mungu akipenda.”

“Yangu ingali majani tu, Mama.”

“Mi sijue hata kama itatoka. Weka mwisho wa mwezi.”

Papa Kanyamibwa akageuka. “Na yako, Mama Directrice?”

“Yangu haiko kitu,” alijibu kabla hajafikiri, na watu wakatikisa kichwa, maana amejibu vizuri.

Akaandika kila jibu. Akajumlisha, akagawanya, akaweka siku sita zote pamoja, mwisho wa mwezi wa kwanza. Akatuma karatasi ofisini, na sahihi ya prezida chini yake.

Upande wa chini wa mlima, ambako watu wanapanda maharage mafupi, mavuno yalianza tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kwanza. Upande wa juu, kwenye baridi, ambako maharage marefu yanapanda juu ya miti, mavuno yalifika katikati ya mwezi wa pili. Siku sita za Dorothée ziliangukia juma moja tu ambamo hakuna mtu mlimani aliyekuwa anavuna. Watoto walikaa nyumbani wakicheza mpira wa majani ya ndizi. Kabla ya siku hizo madarasa yalikuwa yamebaki nusu, na baada yake yakabaki nusu tena.

Thierry alikuwa amekuja tarehe kumi na nne, kabla ya siku hizo, katikati ya mavuno ya chini. Huyo ndiye kijana wa ofisi anayezunguka kwenye shule. Si mtu mbaya. Alivua kofia ya pikipiki, akaingia darasa la sita, akahesabu kwa kidole: kumi na watano kati ya thelathini na wanne.

“Mama Directrice, batoto beko wapi?”

“Mushamba.”

“Na mapumziko?”

“Iko juma mbili mbele.”

Thierry alimtazama, akatazama mlima kupitia dirisha, akaona migongo iliyoinama kule chini. Alikaza midomo asicheke. Kisha akaandika katika daftari la wageni kwamba shule inaruhusiwa kupanga siku sita nyingine kwa mwezi wa sita, na kwamba itakuwa mara ya mwisho. Atarudi. Hakusema siku gani.

Juma zile Dorothée alitembea akiangalia chini. Alimwambia Marcellin kwamba pengine kalenda ya ofisi haikuwa mbaya. Angalau mtu alijua nani amekosea.

Njia yake ya kwenda nyumbani inapita kwa Mama Mukamurenzi, mjane wa upande wa chini, bibi ya mtoto mmoja wa darasa la sita. Siku moja katika mwezi wa pili alimkuta anapura maharage juu ya mkeka. Rundo lilikuwa kubwa kuliko mtu aliyekaa. Dorothée akasimama.

“Mama, uliniambia maharagi yako haiko kitu.”

“Nilisema.”

“Na ile?”

“Ile njo imetoka.” Mukamurenzi aliendelea kupiga. “Dorothée, weye uko mutoto wa hapa. Nani anatangazaka maharagi ikiwa mushamba? Hata baba yako hakutuambia siku moja. Tulikuwa tunaona tu mama yako anapita na kitunga ya maharagi kichwani.”

Dorothée akakaa chini. Akaanza kuchambua takataka pamoja naye, na mwanamke yule, bila kuulizwa, akaendelea na habari za mlima.

“Anayenisikitisha ni Kanyamibwa. Anachelewaka kupanda, kila mwaka. Ile anapanda sasa, mwezi wa sita itakuwa ya mwisho kule juu. Nshimiyimana, jirani yangu, yeye atavuna mbele yangu siku mbili. Alipata mbegu ya nyekundu ile inayokimbia. Na ule mama wa nyumba ya mabati, utaona, tarehe tano yote iko chini.”

Dorothée aliacha kuchambua.

“Unajua ya bote?”

“Niko na macho, mama.”

Kesho yake, akipita upande wa juu, akamuuliza Papa Kanyamibwa juu ya maharage ya Mukamurenzi, kama mtu anayeuliza habari tu. Kanyamibwa akaweka jembe begani.

“Ya yule mama? Tarehe inne mwezi wa sita. Haitapita tarehe sita. Pale kwake jua inaanza kupiga asubuhi mapema.”

“Na yako, Papa Prezida?”

“Yangu? Aah. Haiko kitu.”

Tangu siku hiyo Dorothée hakuuliza mtu tena juu ya shamba lake mwenyewe. Alipita mlimani mpaka mwezi wa tano, akimuuliza kila mtu habari ya mwenzake, na hakuna aliyemnyima.

Mkutano wa mwezi wa tano ulikuwa mwingine kabisa. Dorothée alichora mlima wote kwenye ubao, na kijito katikati.

“Leo,” alisema, “kila muntu atasema juu ya shamba ya jirani yake. Yake aiache.”

Halafu Nshimiyimana, mkulima wa chini anayependa utani, akainua mkono, akataja tarehe ya mwanamke aliyekaa mbele yake.

“Weye ulijuaje?” mwanamke akageuka. “Unalalaka mushamba yangu?”

“Mbuzi yangu njo inalalaka. Inanileteaka habari.”

Watu wakacheka, na baada ya hapo ilikuwa kazi kuwanyamazisha. Mmoja akisema tarehe nane, wengine watatu wanasema kumi na kueleza sababu: kivuli cha mikaratusi, udongo mweusi, mbegu iliyonunuliwa sokoni badala ya ile ya nyumbani. Mwenye shamba alikaa kimya akitazama mikono yake, kama mtu asiyehusika. Marcellin alijaza ubao. Ilipofika saa tano, kila mtu aliweza kuona: upande wa chini, juma la kwanza la mwezi wa sita, upande wa juu, juma mbili baadaye.

Jirani wawili wa Papa Kanyamibwa walisema shamba lake litachelewa kuliko yote. Yeye akasimama.

“Hapana. Mi nitakuwa pamoja na bengine ba juu.”

Alikuwa prezida. Dorothée akaandika kama alivyosema.

Likabaki swali la siku. Sita ukizigawa kwa pande mbili, ni tatu tatu.

“Siku tatu haitoshe,” Nshimiyimana akasema. “Mi na bibi yangu na batoto bane? Tutafika nusu.”

Mukamurenzi alizungumza bila kusimama. “Zamani tulikuwa tunavuna kwa ubudehe. Wa juu banashuka, siye tunapanda. Kisha kukimbia, kila muntu akabaki na shamba yake. Shule ikifungwa siku tatu kwa bote, mikono yote iko. Juu ya nini tusishuke na tusipande?”

Ubudehe ni kazi ya kusaidiana: leo shamba lako, kesho langu, na mwenye shamba anapika. Vijana wengine mle ndani walikuwa wamesikia neno hilo tu. Wazee walianza kubishana nani atapika nini, na Dorothée akajua kwamba wamekubali.

Siku tatu za kwanza zilienda vizuri. Wa juu walishuka na vitunga vyao, mlima wa chini ukavunwa wote, na siku ya nne watoto walikuwa darasani na mikwaruzo mikononi. Juma mbili baadaye, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, wa chini walipanda. Jumatano saa kenda, mashamba yote ya juu yalikuwa yamekwisha, isipokuwa moja. Shamba la Papa Kanyamibwa lilikuwa limefika nusu. Siku ya kwanza maganda yake mengi yalikuwa bado na ubichi, ikabidi kungoja. Sasa yalikuwa yamekauka yote kwa pamoja.

Habari ilimfikia Dorothée kabla ya kufunga ofisi: prezida atabakisha watoto wake kesho. Binti yake Shekinah alikuwa darasa la sita. Na prezida akibakisha wake, wa juu wote watabakisha wao kwa kazi ya kupura, kwa maana nani ataonekana mjinga wa kutuma mtoto shuleni wakati mkubwa anavuna?

Alipanda. Alimkuta Kanyamibwa katikati ya miti ya maharage, jasho usoni, na wa chini kumi hivi wakiwa bado wanafanya kazi.

“Papa Prezida.”

“Mama Directrice. Uko na barua?”

“Sina barua.”

Akang'oa mti mmoja, akauweka chini, akaanza kuvua maganda. Kanyamibwa akangoja asikie.

“Thierry anaweza kuja kesho,” Dorothée akasema. “Anaweza kuja juma ijayo. Mi sijue.”

“Maharagi ikikauka inapasuka, Mama. Haimungoje Thierry.”

“Najua. Nilikuwa mutoto wa maharagi mbele ya kuwa directrice.”

“Basi unaniomba nini?”

Alivua ganda lingine. “Siku ya kwanza ya ile barua, niliogopa kwa sababu hakuna muntu aliniamuru. Leo hata mi siwezi kukuamuru. Sahihi kwenye karatasi ni yako na yangu.”

Kutoka mstari wa chini ilisikika sauti ya Mukamurenzi.

“Papa Kanyamibwa, mlima wote ulisema shamba yako itachelewa. Weye peke yako njo ulikataa.”

“Mama, kila muntu anajua muntu hasemake yake.”

“Haukusema yako. Ulikataa yetu. Haiko kitu kimoja.”

Nshimiyimana akatoa kicheko pembeni, na mtu mwingine, na mwishoni Kanyamibwa mwenyewe akatikisa kichwa na kucheka pole pole, kama mtu anayekubali deni la utani.

“Kesho siye wazee tutarudi,” Mukamurenzi akasema. “Batoto baende. Migongo yetu ingali. Lakini utapika nyama, haiko majani ya sombe kama leo.”

“Nitachinja kuku.”

“Mbili.”

“Mama, mbili.”

Akapanda juu ya jiwe la mpaka, akaweka mikono mdomoni, akapaza ile sauti yake. Ilienda mpaka nyumba za mwisho za juu: kesho watoto wote shuleni, wa kwake wa kwanza.

Thierry hakuja siku ile. Alhamisi ilipita bila mgeni, na darasa la sita lilikuwa na watoto thelathini na watatu. Mmoja alikuwa na malaria. Shekinah alikaa benchi la mbele. Kutoka dirishani watoto waliweza kuona wazazi na mabibi zao wameinama kule juu, na Marcellin alilazimika kuwageuza uso mara mbili.

Thierry alikuja Jumanne iliyofuata. Hakuhesabu watoto tu, alifungua daftari la mahudhurio na kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Kidole chake kikasimama kwenye Alhamisi.

“Siku hii, kesho yake ya mavuno. Nani alikuja kukagua hapa?”

“Hakuna muntu,” Dorothée akasema.

“Na bote balikuwa?”

“Mumoja alikuwa na malaria.”

Akauliza siku zilipangwaje, wakamtajia ubao wa mwezi wa tano. Marcellin alikuwa ameunakili kwenye karatasi kubwa: mlima, kijito, majina, tarehe. Thierry aliutazama muda mrefu, akauliza walipataje tarehe hizo, na walipomweleza akavua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Aliandika kwamba shule itaendelea kupanga siku zake. Chini yake akaongeza mstari, akiomba nakala ya karatasi ile kwa ajili ya shule nyingine mbili.

Watoto thelathini na wanne walikaa mtihani wa taifa, wote, yule wa malaria pia. Majibu bado hayajatoka. Marcellin anasema hesabu ilikuwa rahisi. Shekinah anasema haikuwa.

Mwezi wa saba, kabla ya kufunga mwaka, wazazi walikutana tena kupanga siku za mwaka ujao. Papa Kanyamibwa aliongoza. Maneno yalikuwa mengi. Kulikuwa na watu wa chini waliotaka siku nne za kwao na mbili za juu, na watu wa juu ambao hawakutaka hata kusikia. Mtu mmoja akageuka nyuma, alipokaa Dorothée.

“Mama Directrice, utuamulie.”

“Muamue,” akasema. “Mutaniletea karatasi.”

Akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akatoka. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja kuacha mkutano wa wazazi ukiwa bado haujaisha. Alienda ofisini kuandika majina kwenye vyeti vya darasa la kwanza, na kwa saa nzima alisikia kelele zao kupitia ukuta wa mbao, na hakwenda kuuliza. Jioni Kanyamibwa alimletea karatasi, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa, mistari inapanda kidogo upande wa kulia. Dorothée aliisoma mara moja, akaweka muhuri.